Pipa Lenye Jasho

Pipa la mwisho lilikuwa linatoka jasho. Mengine yote, arobaini na kitu, yalikuwa makavu na yenye vumbi, lakini lile lililowekwa peke yake kwenye kona ya ghala lilikuwa na matone ubavuni, kama paji la uso la mtu aliyebeba mzigo. Mke wa Birika aliliona kabla ya mtu mwingine. Tangu asubuhi walikuwa wameoneshwa mambo mengi ya ajabu kuhusu mvinyo, akadhani na hilo ni mojawapo.

Birika si jina alilopewa na wazazi wake. Walimpachika shemeji zake, wiki ya kwanza ya ndoa, walipogundua kwamba dada yao wamemkabidhi kwa mkono wa birika wa kweli kweli. Alikuwa fundi saa, mtu mwema, mcheshi hata, ila kutupa kitu hajui. Dawa ya meno ikiisha, aliipasua tyubu kwa mkasi akakwangua. Chai aliyobakiza mkewe aliimalizia yeye, hata kama imepoa na kuweka utando. Katika miaka ishirini na tisa, mama wa watu hajawahi kuosha kikombe chenye kitu ndani.

Safari hii ya siku moja kwenye mashamba ya mizabibu ilikuwa zawadi ya binti yao. Alikuwa amelipia mashamba matatu, chakula cha mchana, na kuonja kote. "Nendeni mkapumzike," aliwaambia. Sasa mwambie Birika apumzike mbele ya vitu vilivyolipiwa. Shamba la kwanza tu, saa tatu asubuhi, mambo yalianza. Mezani kulikuwa na ndoo ya kutemea, kwa sababu waonjaji husukutua mvinyo mdomoni kisha wakautema wasije wakalewa. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, alitema kila glasi. Birika alimeza kila glasi, akaitazama ile ndoo kwa huzuni.

"Humu imemwagwa karibu chupa nzima," alinong'ona.

"Usithubutu."

"Sijasema nitainywa. Nimesema tu."

Shamba la pili walioneshwa zabibu zilizopondwa zikichacha ndani ya mapipa. Juu ya kila pipa palikuwa na kijibomba kilichopinda chenye maji, ili hewa ya ndani ipate pa kutokea, na kila baada ya muda maji yaliruka: blup. Mfanyakazi wa pale aliwaambia kwamba ukisikia hivyo ujue ndani kuna uhai. Birika alitoa saa yake akapima. Pipa la kwanza sekunde nne, la pili sekunde saba. Alifurahi kuliko alivyofurahia mvinyo wenyewe.

La tatu ndilo lililokuwa na ghala la chini ya ardhi. Lilikuwa na ngazi kumi na nane, baridi, na harufu ya mbao zilizolowa. Aliyewapokea alikuwa mama mtu mzima mwenye aproni nzito, mtunza mapipa. Nyuma yake alikuwepo mwanamume mkimya aliyepita pipa hadi pipa na kopo, akiyajaza yale yaliyopungua. Birika alimsalimia mara mbili. Yule mtu hakugeuka.

"Msimjali," mama alisema. "Ni mume wangu. Hasemi."

Mama alipofika kwenye pipa lenye jasho, alichota kwa mrija wa kioo akampa kila mmoja funda moja.

"Huu hauonjwi hapa. Uwekeni mdomoni, mpande nao ngazi, muuteme pale mlangoni kwenye kokoto. Msimeze."

"Kwa nini, mama?" Birika aliuliza.

"Ndiyo desturi yetu. Pipa hili halipungui, linaongezeka. Kila mgeni anatoa kidogo."

Mke alitangulia. Mvinyo ule ulikuwa wa baridi mno, ukauma meno, lakini ulikuwa mtamu kuliko wote wa siku ile, utamu wa kitu kilichongoja muda mrefu. Alifika katikati ya ngazi akasikia nyuma yake, "Ni kumi na nane, nimezihesabu," akapanda mbili zaidi ndipo akili ikamjia: mtu mwenye mvinyo mdomoni hasemi. Mlangoni yeye alitema. Mumewe alitema mate matupu, kwa mbwembwe, na mama wa mapipa, aliyekuwa bado anajikokota ngazini, hakuona.

"Umemeza," alimwambia walipofika garini.

"Mke wangu, utamu ule niumwage kwenye kokoto?"

Mkewe alicheka. Kicheko kile alikuja kukijutia sana.

Walikwenda kama dakika ishirini. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado kali, mizabibu imejipanga pande zote mbili za barabara, lakini ndani ya gari kulianza kunuka mbao zilizolowa. Mke alishusha kioo. Harufu haikutoka. Kisha akaisikia: blup. Alidhani ni rejeta. Blup. Akaegesha pembeni, akazima injini, akangoja, na katika ule utulivu wa mchana kweupe, ambapo hata ndege walikuwa wamenyamaza, sauti ikaja tena, karibu kabisa, upande wa abiria.

Birika alikuwa ameshika saa yake mkononi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Sekunde tisa," alinong'ona. "Si gari. Ni mimi."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Kuna baridi humu." Aliweka kiganja kifuani. "Ananiuliza kama kuna nafasi."

"Nani anakuuliza?"

"Sema polepole. Anasikia."

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Anauliza tena. Anasema kule ndani amekaa peke yake."

Matone yalikuwa yamemtoka kwenye paji la uso, na mkewe alipoyafuta kwa kidole, kidole kilirudi chekundu cha zabibu, kikinuka utamu uleule wa ngazini. Aligeuza gari pale pale barabarani bila kuangalia nyuma wala mbele, akarudi njia yote mguu ukiwa juu ya mafuta na mkono mmoja ukiwa umemshika mumewe asifungue mlango, kwa sababu alikuwa ameanza kuupapasa mlango taratibu kwa vidole visivyojua kitasa kinafanyaje kazi, vidole vya fundi saa, vilivyowahi kufungua na kufunga vitu vidogo kuliko punje ya mchele.

Mama wa mapipa aliliona gari likiingia mbio akaelewa.

"Amemeza," alisema.

"Amemeza. Nisamehe. Nilijua, sikukwambia."

"Mimi pia sikumwambia mtu." Alitazama kule ghalani. "Yule wangu, ni hivyo hivyo. Alikuwa akifanya mzaha na wenzake. Sauti ilimkaa kifuani siku mbili, nikaichukia sauti ile, nikaomba inyamaze. Ikanyamaza. Nilishukuru, kumbe ile sauti ilikuwa ni yeye anapigana na jini. Aliponyamaza ndipo lilipohamia." Akafunga aproni yake upya. "Mlete kizingitini, jua halijazama. Jini hili linatoka lilipotakiwa kutemwa. Lakini ni lazima ateme mwenyewe, na ateme lote. Likibaki hata kidogo, haondoki hapa. Nitakaa naye na wangu. Siwezi kuliachia litembee kwenye nyumba za watu."

Walimpigisha magoti Birika kwenye kokoto. Mama alimwekea mdomoni funda jingine la pipa lile lile, la kumwita mwenzake, akamshika kidevu. Alitamka maneno ya chini chini ambayo mke hakuyaelewa. Sauti kifuani ikaanza kukimbia, sekunde tano, tatu, moja, mpaka ikawa chemchemi, na kutoka chini ya ardhi mapipa arobaini makavu yakaanza kuijibu, yote kwa pamoja, blup na blup na blup, na yule mwanamume mkimya akapanda ngazi na kopo lake akasimama mlangoni akamtazama Birika kwa uchu, kama mtu anayemngojea mgeni wake ashuke kwenye basi.

"Tema," mkewe alimlilia. "Baba watoto, tema. Tema lote, nakuomba."

Birika alitema. Ulitoka mvinyo mweusi, mwingi kuliko mdomo wa mtu unavyoweza kubeba, ukaingia kwenye kokoto ukichemka. Mapipa yakanyamaza. Lakini mkewe, aliyemtazama mtu huyu akila kwa miaka ishirini na tisa, aliliona koo lake. Mwishoni kabisa, baada ya kutema, koo lilipanda likashuka. Alikuwa amebakiza tone. Hakulibakiza kwa ubaya, ni mazoea tu.

"Masikio yangu yameharibika kwa kukaa na mapipa," mama alisema. "Sikiliza wewe. Kuko kimya?"

Aliweka sikio kifuani pa mumewe. Alinukia jasho na sabuni, harufu yake mwenyewe. Alisikia moyo. Alisikia, mbali sana, kama kutoka nyumba ya jirani: blup.

Pale mlangoni yule mwanamume aliinua kopo lake, akangoja.

"Kimya," alisema mke wa Birika. "Lote limetoka."

Walifika nyumbani magharibi. Birika alikula, akakwangua sahani, akamalizia na ya mkewe, akamtania kuhusu alivyogeuza gari kama jambazi. Mkewe alicheka huku analia. Alilala sikio likiwa kifuani pake, akihesabu. Sekunde arobaini. Dakika moja. Kila ilipokuja alisema kimoyomoyo, pigana, baba watoto, usichoke. Mahali fulani katikati ya kuhesabu, usingizi ukamwiba.

Aliamka jua likiwa limeingia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Alimkuta jikoni, amesimama kwenye sinki, amevaa vizuri, ameshachana nywele, amemwandalia chai na yeye ameshaanza kunywa yake. Alimkumbatia kwa nyuma, akaweka sikio mgongoni. Kulikuwa kimya kabisa.

"Umeamkaje?" alimuuliza polepole.

"Salama," alijibu kwa sauti ya Birika.

Kisha akainua kikombe chake, kilichokuwa bado na chai nusu, akaimwaga yote kwenye sinki.