Utumbo wa Mbuzi Nyuma ya Zizi

Wewe unayesoma, usijifanye hukuwepo. Mtu alisemwa vibaya mbele yako, nawe ukaangalia pembeni. Basi leo usigeuze uso. Sikia yaliyotokea kijijini Endabash mwaka ule wa korona. Wengi wameshayasahau. Mimi sijasahau.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kila asubuhi Leonida, msichana wa miaka kumi na miwili, alichota maji, akafagia zizi, kisha akaenda buchani kwa mzee Hilari kuchukua utumbo wa mbuzi. Alimchukulia shangazi yake, Judith, daktari kijana aliyekuwa akisomea upasuaji. Chuo chake nacho kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo walimu walimfundisha kwa simu.

Mtandao ulishika nyuma ya zizi tu. Huko Judith aliutandaza utumbo juu ya ubao, akaukata, akaushona kwa sindano iliyopinda. Leonida alimshikia simu ili mwalimu aone.

"Hapo umevuta mno, Judith," mwalimu alisema. "Fumua, anza upya."

Judith alifumua, akaanza upya. Lakini wapita njia hawakumsikia mwalimu. Waliona glovu, damu na matumbo, na mtu anayeongea na asiyeonekana.

Siku moja kisimani, Philbert, mvulana wa jirani, alimchokoza Leonida. "Wee Leonida, leo shangazi yako kamshona nani?"

Watoto wakacheka. Lusia, rafiki yake Leonida, hakucheka. "Mama anasema anafunga watu matumbo kwa uchawi. Eti ni kweli?"

Leonida aliujua ukweli wote. Lakini macho yote yalikuwa kwake.

"Sijui," alisema. "Mimi huwa niko na ng'ombe."

Haikupita wiki, Patrisi, mdogo wake Lusia, akaanza kulia kwa maumivu ya tumbo. Likavimba, akawa anatapika kijani. Judith alisikia kilio, akakimbilia huko. Mama Lusia alimzuia mlangoni.

"Usimguse mwanangu! Hata huyo Leonida wenu aliulizwa, akashindwa kukutetea."

"Simgusi, mama. Nakuomba tu, mpelekeni hospitali Karatu sasa hivi. Utumbo umejisokota."

"Umejuaje, kama si wewe uliyeusokota?"

Mlango ukafungwa. Walimpa dawa za mizizi. Kesho yake, alipoacha hata kulia, ndipo wakatafuta gari. Patrisi alifia mapajani mwa mama yake kabla hawajaifikia lami.

Baada ya mazishi, Leonida alikwenda kwa Lusia.

"Nilijua. Shangazi anajifunza kutibu. Mimi ndiye ninayemshikia simu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtanicheka."

"Basi nenda kamwambie mama," Lusia alisema, akaingia ndani.

Leonida alimwambia yote. Siku ya somo lililofuata Mama Lusia alikuja nyuma ya zizi, amejifunika kanga, na majirani wakamfuata. Judith aliongeza sauti ya simu. Wote wakamsikia mwalimu akisema, "Hapo sawa. Hapo mgonjwa atapona."

"Patrisi wangu naye angeshonwa hivyo?" Mama Lusia aliuliza.

"Mimi bado najifunza, mama. Lakini hospitali wapo wanaoweza."

Mama Lusia aliketi chini pale pale, akalia. Tangu siku ile hakuna aliyemfungia Judith mlango. Ila Patrisi hakurudi.

Jioni ya siku ile, Judith alimketisha Leonida karibu naye. "Mimi nami nilikosea. Nilijificha huku bila kuwaeleza watu. Lakini wewe uliulizwa, mwanangu. Ukiujua ukweli ukanyamaza, unawaachia wasiojua waamue nani apone na nani afe."

Kutoka kwa kina Lusia bado walisikia kilio.

Sasa wewe. Yupo mtu mtaani kwenu anayesingiziwa leo, na ukweli unaujua. Unangoja azikwe nani? Funga kitabu hiki. Simama. Nenda ukaseme sasa hivi.