Sentimita Sitini na Mbili

Nyumba ya Bibi Kerridge ilikuwa fupi kwa ndani kuliko kwa nje. Ukipima ukuta wa kaskazini kutokea bustanini, kisha uingie upime vyumba kimoja kimoja pamoja na unene wa kuta zake, ukijumlisha ulikosa sentimita sitini na mbili. Jambo hilo halikumtisha mtu. Nyumba za Suffolk, mashariki mwa Uingereza, zilizojengwa kwa boriti za mwaloni na udongo zina hila kama watu wazima, na Clifford Garrod na mkewe Hester walikuwa wameshazizoea. Kwa miaka thelathini na moja kazi yao ilikuwa moja tu: kupima na kuchora nyumba kongwe za mashambani kabla hazijaangukia mikononi mwa watu wenye fedha na wasio na macho.

"Soma tena," Clifford alisema, penseli sikioni.

"Nimesoma mara mbili. Unadhani nimeshapofuka?"

"Sijasema umepofuka, mke wangu. Nimesema soma tena."

Hester akasoma tena. Sitini na mbili. Clifford akatabasamu, maana alipenda kasoro ya vipimo kama wengine wanavyopenda karata. Mtu yule hakuweza kulala akiwa na hesabu isiyofunga, na hakuna aliyewahi kumwona akidanganya hata nusu sentimita.

"Iko kando ya dohani," alisema, akionyesha lile bomba kubwa la moshi. "Pale ndani kuna uwazi."

Mwenye nyumba mwenyewe, Winifred Kerridge, alikuwa ameenda mjini kwa mwanasheria. Miaka themanini na minne ilimtosha. Ngazi zilimshinda, baridi ilimshinda, akaamua kuwauzia mume na mke wa London waliotaka mabafu matatu. Ofisi ya wilaya ikawaambia kwanza nyumba ichorwe. Mchoro ndio ungeamua mabomba yapite wapi: palipo na ukuta mzito pasiguswe, palipo na uwazi fundi apitishe humo.

Clifford akabandua ubao mmoja kando ya dohani. Ndani mlikuwa na giza, masizi, na kiatu. Kimoja tu, cha mguu wa kushoto, cha ngozi iliyokauka, kisigino kimelika upande kama cha mtu aliyekuwa akichechemea.

"Hiki cha nane," Hester alisema.

Saba walikwisha kuvikuta katika nyumba nyingine. Watu wa zamani wa kule walikuwa na desturi ya kuficha kiatu kikuukuu ukutani, na sababu waliondoka nayo. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: piga picha, chora, rudisha pale pale. Vile saba walivirudisha. Safari hii Clifford alikishika mkononi akakigeuzageuza.

"Mabomba yakipita hapa, fundi atakitupa kwenye pipa. Nakichukua nyumbani. Nikishakichora vizuri tutakipeleka makumbusho."

"Kinanuka."

"Na wewe ukae miaka mia tatu bila kuoga, utanukia waridi?"

Hester akacheka. Kiatu kikaingia kwenye mfuko, mfuko ukaingia kwenye gari, na ndivyo kosa linavyofanyika, mchana kweupe, watu wakicheka.

Kesho yake walirudi kumalizia ghorofa ya chini. Hester alikaa jikoni kushika ncha ya tepu ya kupimia, na Clifford akaichukua tepu yenyewe akapotelea nayo sebuleni, kupitia ule ujia mrefu wa katikati.

"Umeshika?" Hester aliuliza.

"Nimeshika."

Tepu ikakaza. Hester akainua macho dirishani kupumzisha shingo, akamwona mumewe nje, kando ya gari, ameinama kwenye buti anatafuta kalamu.

Tepu ilikuwa bado imekaza. Halafu ikavutwa kidogo, taratibu, kama mtu anayetaka kujua upande wa pili kuna nani. Hester aliiachia, ikatambaa sakafuni ikaishia kwenye giza la ujia, na nyuma yake ikaja harufu ya ngozi iliyolowa na nywele zilizoungua. Alitoka mbio hadi bustanini.

"Ulikuwa sebuleni?"

"Nimetoka kitambo. Nimeifunga kwenye msumari. Una nini? Umekuwa mweupe kama unga."

Hakumwambia. Clifford alikuwa mtu wa kucheka mambo hayo, na Hester alikuwa na kiburi chake. Wakapima tena ukuta wa kaskazini kwa kuhakikisha tu, na safari hii ndani na nje vikalingana. Clifford akaingiza mkono pale alipobandua ubao, ukafika kwenye kifundo tu ukagonga tofali. Jana ulizama hadi begani.

"Haiwezekani," alisema, na kwa mara ya kwanza Hester aliisikia sauti yake ikikosa uhakika.

Siku ile Clifford alirudi nyumbani akilalamika mguu wa kushoto. Ulikuwa baridi, na soksi ilikuwa imelowa wakati nje hapakuwa na mvua. Siku ya pili yake homa ikampanda. Alilala upande wa ukutani kama kawaida yake, uso umeuelekea ukuta, na kila Hester alipomletea chai alimkuta amesogea zaidi, hadi paji la uso likagusa lipu. Daktari alikuja, akasema mafua makali. Siku ya tatu, saa sita mchana, Hester akiwa jikoni anapasha supu, alisikia hatua juu ya dari: mguu mmoja, kimya, mguu mmoja, kimya, kutoka mlangoni kwenda kitandani. Alipopanda, Clifford alikuwa amelala vile vile, na viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, cha kushoto kikichuruzika maji meusi ya masizi.

Ndipo akafanya kitu ambacho mke wa mtu mwingine asingekifikiria. Alichukua tepu akapima chumba chao cha kulala, chumba alichokijua kwa sentimita kwa sababu walikipima wenyewe walipotengenezewa kabati, akaanzia dirishani akapita juu ya miguu ya mumewe huku akiomba vipimo viwe vile vile, akafika ukutani, akasoma, akarudia, akasoma, na chumba kilikuwa kimepungua sentimita sitini na mbili, zote upande ule aliolala Clifford, na kutoka ndani ya ule ukuta, karibu kabisa na mdomo wa mumewe, mtu alikuwa akivuta pumzi kila Clifford alipotoa.

Hester aliendesha gari na kile kiatu hadi kwa Bibi Kerridge, na bibi akafungua mlango kabla hajabisha.

"Kiatu kiko wapi?" aliuliza.

"Ninacho hapa."

Bibi alikipokea, akakipima uzito kiganjani, akakirudisha kama mtu anayerudisha yai bovu.

"Kitupu. Mwanangu, mmefanya nini? Nimekuta ubao umebanduliwa, nikasema labda wamerudisha. Mama yangu alinionyesha pale nikiwa na miaka sita. Akaniambia, Winnie, humo usitie mkono."

"Ni nini hicho, bibi?"

"Jina hatulitaji." Akasogea, sauti ikashuka. "Kitu hicho huingia kwa dohani, maana dohani haina mlango. Kinatafuta mtu. Kiatu kilichovaliwa sana kina umbo la mwenyewe, kina jasho lake. Kitu hicho kinadhani kimepata mtu, kinaingia kiatuni, na kikishaingia hakijui kurudi nyuma. Sasa wewe na mumeo mmekitoa nje mkakipandisha gari. Nani amekishika kile kiatu kwanza?"

"Clifford."

"Basi kinamjua."

Hester alikaa chini kwenye ngazi akalia. Si mtu wa kulia yule; alilia kwa hasira, kama anayemlaumu mtu.

"Atapona?"

"Kitu kile hakitakikubali tena kiatu hiki. Nani anarudi jela aliyoijua? Lete kiatu cha mumeo, cha kushoto, kitoke mguuni kikiwa na joto. Kitamwacha yeye kikae humo. Lakini sikiliza vizuri, maana mimi naondoka na nyumba si yangu tena. Mwenye kiatu anakuwa amefungwa na ule ukuta. Kiatu kikikaa, anakaa. Kikitolewa, kitu kile kinamchukua, na hakuna wa kukibembeleza."

Jua la Novemba lilikuwa linazama, saa kumi kasoro, Hester alipomfikisha Clifford pale amemfunga blanketi, hajitambui, viatu miguuni. Bibi Kerridge aliwasha mshumaa akauinamisha kwenye boriti ya dohani hadi moto ukaacha alama ya tone jeusi, kinga ya watu wa zamani, kando ya alama nyingine kama hizo ambazo Hester alikuwa amezichora juzi bila kuuliza. Hester akapiga magoti, akavuta kiatu cha kushoto cha mumewe. Hakikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, na mguu wa Clifford ukavutwa kutoka upande wa pili, kwa nguvu ambazo mgonjwa yule hakuwa nazo, na yeye mwenyewe akafungua macho akasema kwa sauti ya upole isiyokuwa yake, "Niache nikae, mama, nje kuna baridi," na Hester akapiga ukelele, "Huyu ni wangu!" akavuta mpaka kamba zikakatika, kiatu kikatoka kikifuka mvuke, na akakisukuma ukutani kwenye uwazi ambao sasa ulikuwepo tena, mweusi, wa kina cha mkono mzima. Bibi akagongea ubao kwa misumari minne. Ndani kitu kiligonga mara moja, polepole. Kisha harufu ikakatika.

"Hester," Clifford alisema, "mbona nimevaa kiatu kimoja?"

Alipona kwa siku nne. Hakukumbuka lolote, na Hester hakumwambia. Alisema tu kwamba mumewe aliugua, kiatu kilipotea hospitalini, basi. Angemwambia nini? Angecheka, na kwa kucheka angetaka kwenda kuangalia.

Ila mchoro ulibaki. Hester aliukalia asubuhi nzima, karatasi imetandazwa mezani, kalamu imekauka mkononi. Akiuchora ule uwazi, fundi wa mabomba ataubomoa. Akachora ukuta mzito. Akaujaza wino mweusi kutoka upande hadi upande, tofali tupu, na zile sentimita akazigawa kidogo kidogo kwenye kuta nyingine zisionekane. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika miaka thelathini na moja, na aliulilia kidogo, kisha akaupeleka chini, kwa Clifford, kwenye rundo la kazi za kutumwa.

Wiki tatu zikapita. Bibi Kerridge alihamia kwa mpwa wake Norwich. Clifford alirudia utani wake, akanenepa, akanunua viatu vipya. Asubuhi moja wakiwa kwenye kifungua kinywa, yeye anapaka siagi mkate, simu ikalia.

"Mama Garrod? Ni Darren, fundi bomba, huku kwa Kerridge. Nilitaka kuwashukuru kwa ule mchoro. Umenirahisishia kazi, ile sehemu ya dohani."

"Sehemu gani?" Hester aliuliza. "Pale ni ukuta mzito."

"Wa kwanza ulisema hivyo. Mzee akatuma wa pili."

Hester akamgeukia mumewe. Clifford akainua bega, amefurahi kidogo na nafsi yake.

"Nilisahau kukwambia," alisema, mkate mdomoni. "Ulikosea ukuta wa kaskazini. Homa yangu ilikuchanganya, masikini. Nimekurekebishia, sentimita sitini na mbili kamili."

"Sasa mama," Darren aliendelea kwenye simu, anacheka, "nani kati yenu mtani? Nimebandua ubao, nikakuta kiatu. Nikasema nimepata mali ya kale. Kumbe cha juzi tu, namba tisa! Na unajua kilichonishangaza? Kilikuwa cha moto, kama mtu amekivua sasa hivi. Nimekitoa nikakiweka dirishani kipate hewa. Mama? Upo?"

Hester akakata simu.

"Nani huyo?" Clifford aliuliza.

"Fundi."

"Anasemaje?"

Alimtazama. Alikuwa na jamu kwenye kidevu, na macho yake yalikuwa yake mwenyewe, ya kijivu, yenye kicheko, yale aliyoyapenda tangu akiwa msichana. Kutoka kwao hadi kwa Kerridge ni dakika arobaini kwa gari; asingewahi kukirudisha.

"Anashukuru," Hester alisema. "Mchoro umetoka sawasawa. Kula, mume wangu."

Akavuta kiti akakaa karibu naye, akamshika mkono. Vidole vya Clifford vilikuwa vimeshaanza kupoa.