Nakala Iliyobaki Dodoma

Kaseti ilifika mwisho ikajizima, lakini sauti iliendelea kutoka kwenye spika.

Avelina alidhani kompyuta inachelewa. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi moja ndogo mjini Sumbawanga, kazi yake kuzihamishia kwenye kompyuta kaseti za wazee wa Ufipa kabla hazijaoza. Hii ilitoka Kaoze, imeviringwa kitambaa cheusi na kukazwa kwa kamba ya gome la mti. Alivikata vyote akatupa jalalani, maana ndivyo walivyofundishwa: kamba na vitambaa huleta ukungu. Nakala moja akaituma makao makuu Dodoma, kama utaratibu unavyotaka.

Sauti ile nyembamba ikaita, "Faith!"

Binti yake wa darasa la pili, aliyekuwa akiandika kazi ya shule pembeni, akaitika, "Abee!" Hakusema tena. Chumba kikajaa harufu ya ulezi unaoungua.

Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Koo zima, ulimi mzima, mtoto bubu! Na kila Avelina alipowasha kompyuta alimsikia Faith akilia mle ndani.

Akaenda Kaoze kwa Mzee Romani, mtoto wa marehemu mganga aliyeirekodi kaseti ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kamba iko wapi?"

"Niliikata."

Mzee akajishika kichwa. "Ah, binti yangu! Baba alilinasa jini humo akalifunga, lisiite watu tena."

"Lifunge tena, baba, nakuomba."

"Kaseti nitaifunga. Hiyo ya kwenye kompyuta nitaifunga na nini? Futa. Ikibaki hata nakala moja, mtoto haachiwi. Na likikuita usiitike, hata likiita kwa sauti ya mwanao."

Avelina akapiga simu Dodoma, kwa Nestory anayetunza nakala, akamwomba afute. Kisha akafuta yake, na alipobonyeza, spika zikapiga kelele, "Mama, usinifute!" Akabonyeza hivyo hivyo, analia.

Kukawa kimya. Faith akafungua mdomo. Hakuna kitu.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Alimwangalia mwanawe akihangaika kutoa neno, akakumbuka kile kilio, akajiambia amemuua kwa kidole chake mwenyewe, na badala ya kungoja nakala ya Dodoma nayo ifutwe, kama mzee alivyoagiza, akaishika simu huku upepo wa baridi ukisukuma mlango na harufu ya ulezi ikirudi kutoka asikojua.

"Nestory, umeshafuta?"

"Bado, dada. Nasubiri kibali cha bosi."

"Usifute! Nirushie sasa hivi."

"Lakini si ulisema..."

"Nirushie, kaka, nitakufa!"

Nakala ikaingia. Akaifungua. Mwanzo kulikuwa na pumzi tu, nzito, za kitu kikubwa kilicholala karibu sana na kipaza sauti, kisha pumzi zikakoma, na ile sauti aliyoizoea kila asubuhi ikaita kwa upole, "Mama?"

Faith aliruka kutoka kwenye kiti, akamziba mama yake mdomo kwa viganja vyote viwili, akitikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Avelina alijua asiitike. Alijua vizuri kabisa. Akaiondoa mikono ile midogo, taratibu, akafungua mdomo.

"Nipo, mwanangu," ikajibu spika, kwa sauti ya Avelina.