Sauti ya Kyalo kwenye Vitufe Sitini na Vinne

"Chungu, hapa Mfuniko. Unasikia?"

"Nasikia."

"Kyalo yuko laini. Sikiliza, usiongee."

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mutheu Ndete aliegemea kinanda ndani ya kanisa la mabati, mtaa wa Kayole, Nairobi. Spika ndogo ndani ya sikio la kushoto. Glock 19 ndani ya mkoba wa Biblia. Majirani walimjua kama mwalimu wa kwaya. Idara ilimjua kama Chungu. Waliomjua kama Mutheu wangeenea kwenye pikipiki moja, na nafasi ya mzigo ibaki.

Kusema kweli alikuwa mmoja tu. Kyalo.

Jasusi mwenzake huyo alipelekwa Moyale, mpakani, mwezi wa Januari kuwafuatilia wageni waliokuwa wakivusha insulini bandia: maji ya chumvi kwenye chupa za kupendeza, chini ya sakafu ya malori ya mbuzi. Kila siku saa kumi na moja jioni alimpigia Mutheu, na kila siku alianza vilevile. "Mutheu, umekula?"

Nairobi nzima, hakuna mwingine aliyemuuliza.

"Malori ya leo?" Afande Wacera, yule Mfuniko, aliuliza kutoka ofisini.

"Ni safi, Afande. Mbuzi tu," sauti ya Kyalo ilijibu.

"Una hakika?"

"Hakika."

"Yaingie soko la Kiamaiko?"

"Yaachieni."

Kidole cha Mutheu kilikuwa kikigonga ukingo wa kinanda. Moja, mbili, tatu, nne. Ugonjwa wa walimu wa kwaya, hauna dawa.

*Safi* ilitua kwenye moja. *Hakika* ikatua kwenye moja. *Yaachieni*, moja.

Binadamu hajibu kwa mdundo. Hata Mkamba, na ngoma zake zote.

"Mfuniko, huyo si mtu. Nitafutie simu hiyo iko wapi."

"Si yuko Moyale?"

"Nipe tu, Afande."

Mtambo wa ofisini ulichukua sekunde arobaini. Miezi minane hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza. Nani humchunguza mtu wa nyumbani?

"Kayole," Wacera alisema polepole. "Gorofa ya kijani, Spine Road."

Hatua mia nne kutoka kitanda cha Mutheu.

"Malori ya mbuzi leo ni mangapi?"

"Arobaini. Nikianza kuyafungua barabarani, la kwao litapata habari ligeuke. Ikifika saa sita, hayo maji yatakuwa kwenye kliniki, na wagonjwa watakuwa wanadungwa. Mutheu, kama wamemteka Kyalo..."

"Ndiyo naenda kumtoa."

Orofa ya nne, kwenye kibao cha studio ya muziki. Mlango wa chuma. Ndani, ukuta uliofunikwa trei za mayai ili sauti isitoke. Aliyefungua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, ndara miguuni, vipokea sauti shingoni. Fulana yake iliandikwa SYDNEY kwa herufi za dhahabu, asije akasahau jina lake.

"Niaje madam. Umeleta wimbo?"

"Nimeleta kwaya."

"Watu wangapi?"

"Mmoja." Glock ikatoka kwenye mkoba wa Biblia. "Ila ana chuma."

"Wueh! Madam, hiyo si ungesema ukiwa mlangoni."

"Kyalo yuko wapi?"

Sydney alielekeza kidevu kwenye meza.

Mezani palikuwa na MacBook, simu iliyochomekwa waya, na Launchpad, kile kibao cha vitufe sitini na vinne vinavyowaka. Kwenye skrini, safu za miraba ya rangi. Kila mraba kipande cha sauti. Bonyeza kitufe, kipande kinaimba. Watayarishaji wa muziki hutumia hivyo kupanga ngoma, gitaa na makofi. Huyu alikuwa amepanga mtu. Safu tatu zilikuwa na majina.

AFANDE. DEREVA. MUTHEU.

"Hajatekwa," Sydney alisema, mikono juu. "Alirekodi hapo ulipo, siku moja tu ya Januari. Akamaliza, akabeba begi, akaenda kupanda ndege. Madam, yeye ndiye mwenye mzigo."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa saa kumi na moja." Alitazama ndara zake. "Alisema usipopigiwa utaanza kuuliza maswali."

Safu ya Mutheu ilikuwa ya rangi ya waridi. *Mutheu. Umekula? Pole. Usijali. Endelea, nakusikiliza. Lala salama.* Kulikuwa na vicheko viwili, kifupi na kirefu. Mutheu alikumbuka jioni alizotunga mzaha tangu asubuhi, ili tu apate kile kirefu.

Miraba minane. Miezi minane.

Simu ya mezani ikaita.

"Ni Luseno, dereva," Sydney alinong'ona. "Anataka kujua kama njia iko wazi."

Mutheu alivuta kiti. Jicho lake lilikwenda juu ya skrini, kwenye mpangilio unaofanya kila kipande kingoje mwanzo wa mdundo ndipo kianze. Ulikuwa umewashwa.

"Hii hukuzima?"

Sydney akajipiga paji la uso. "Kurekodi kwaya kumeniharibu!"

Mutheu akauzima. Akapokea.

"Boss, niko Outering," sauti nzito ilisema. Nyuma yake, mbuzi. "Nikate kona ya Kiamaiko?"

Kitufe. *Hapana.* Kitufe. *Kuna askari.* Kitufe. *Endelea mbele. Jogoo Road. Makadara.*

"Makadara? Na mbuzi? Boss, huko si ni kortini?"

*Ndiyo.*

Breki zikalia.

"Boss, leo uko haraka. Siku zote wewe ni mtu wa kufikiria kidogo ndio ujibu." Sauti ilipungua. "Kwani huyu ni nani?"

Mutheu alipekua safu ya kwanza. Hamna. Ya pili, hamna. Kyalo alikuwa amejiandaa kwa kila swali, isipokuwa lile la kuulizwa kama ni yeye.

"Nauliza, ni nani? Ama nigeuze?"

Ulibaki mraba mmoja wa kufaa, kwenye safu yake mwenyewe. Wa waridi.

Akabonyeza.

*Umekula?*

Mbuzi mmoja alilia.

"Bado, boss." Sauti ilikuwa imelegea kama kamba iliyofunguliwa. "Tangu Isiolo sijatia kitu mdomoni. Miezi yote hii hujawahi kuniuliza. Siku hizi hakuna anayeniuliza." Gia ikaingia. "Sawa. Makadara."

Mutheu alijua Luseno alivyojisikia. Yeye alikuwa akijisikia hivyo kila siku, saa kumi na moja.

"Mfuniko, hapa Chungu. Lori la mbuzi, Jogoo Road, linaelekea mahakamani. Halina mwenzake barabara hiyo."

"Tumeliona."

Saa tano na robo, sakafu ikang'olewa. Chupa elfu tisa. Wageni wawili wakachukuliwa kwenye ghala la Kiamaiko wakiwa bado wanasubiri mbuzi. Sydney alifungwa pingu akiomba aruhusiwe kwanza kuhifadhi kazi yake.

"Kyalo tumemtangaza viwanja vyote vya ndege," Wacera alisema. "Akipatikana, una ujumbe?"

"Hana kitufe cha kunijibu."

"Chungu. Uko sawa?"

Moja, mbili, tatu, nne.

"Sawa."

Saa kumi na moja jioni, simu haikuita.

Katika uwanja wa mahakama ya Makadara, karani mmoja aliyesomea sheria alikuwa akihesabu mbuzi kwa mara ya tatu, na mbuzi wakimkosesha makusudi. Luseno alikuwa amekaa kwenye benchi, pingu mkononi, askari kando yake. Amesema yeye alibeba mbuzi tu. Huenda. Hilo ni la hakimu.

Mwanamke mwenye mkoba wa Biblia alisimama mbele yake. Mkononi alikuwa na chapati mbili na maharagwe ndani ya kopo, bado moto.

"Umekula?"

Luseno aliinua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akamwangalia usoni, akitafuta kitu.

"Bado, dada."

Mutheu alimwekea kopo magotini. Akamtazama askari, askari akatazama mbuzi.

Kisha akashika njia ya Jogoo Road, mkoba begani, bila kugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, kidole chake hakikuwa kikigonga chochote.