Injini Isiyo na Ugonjwa

Injini ilizimika ndani ya wingu, wakati rubani alipokuwa ameanza kuishusha ndege kuelekea mji wenye hospitali. Haikulipuka wala kutoa moshi. Ilikohoa, ikatetemeka kama mtu aliyepaliwa, kisha pangaboi la mbele likasimama. Ikabaki sauti ya upepo tu ukipita kwenye mabawa.

Ndani walikuwa watu watatu: rubani mwenyewe, fundi wake ambaye ni mdogo wa marehemu mumewe, na nyuma yao, kwenye machela, seremala aliyeangukiwa na gogo. Mguu wake ulikuwa umevunjika, jeraha limeanza kunuka, na homa ilikuwa haishuki. Tabibu wa zahanati aliwaambia bila kuzunguka kwamba mtu huyu asipofika kwa daktari wa upasuaji kufikia kesho, mguu utaoza naye ataufuata.

Rubani aliinamisha pua ya ndege. Moyo ulimsukuma aivute juu, mbali na miti, lakini alijua kwamba ndege isiyo na injini hukaa hewani kwa kasi yake tu. Kasi ikiisha, hewa huliachia bawa, na hapo hakuna tena cha kushika. Walipotoka chini ya wingu waliona msitu kila upande, na mto wa kahawia uliojikunja ukiacha ukanda wa mchanga na changarawe.

"Pale," fundi akasema.

"Nimepaona."

Magurudumu yaligonga changarawe, yakaruka, yakagonga tena. Seremala alipiga ukelele mmoja. Ndege ilipotulia, pua yake ilikuwa inatazama maji hatua chache mbele.

Redio ilitoa mkoromo mtupu. Vilima vilikuwa vimewazunguka. Rubani alibadilisha kitambaa cha jeraha na kumnywesha mgonjwa maji safi yaliyobaki. Fundi hakungoja hata jasho likauke. Alifungua kifuniko cha injini akaanza kutafuta. Petroli ilikuwa safi. Mafuta yalikuwa ya kutosha, plagi kavu, nyaya zimekazwa. Hatimaye alimwomba rubani aiwashe, na injini ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kuliko asubuhi.

Hilo ndilo lililomtisha fundi. Ile injini yeye na kaka yake waliifungua yote na kuiunda upya mwaka uliotangulia, kabla maradhi hayajamchukua kaka. Ilikuwa kazi yao ya mwisho pamoja. Tangu mazishi, yeye na shemeji yake walikuwa wakizungumza habari za ratiba na petroli tu.

"Injini isiyo na ugonjwa haizimiki," alisema, akatoa spana. "Naifungua kabureta."

Rubani alimzuia mkono. Gasketi ya kabureta, ule utando unaoziba maungio yake, ikipasuka, hapakuwa na nyingine, na wangebaki pale na mgonjwa wao. Kisha akamweleza anachofikiri. Ndani ya wingu hewa ilikuwa imeloa. Alipopunguza nguvu ili washuke, hewa ile ilipenya kwenye koo jembamba la kabureta, pale inapochanganyika na petroli, ikapoa ghafla, na unyevu wake ukaganda humo, hata kama nje hapakuwa na baridi kali. Barafu ikaziba koo. Walipotua, joto la injini likaiyeyusha. Alipaswa kuvuta mkono wa joto, ule unaoleta hewa ya moto kwenye kabureta, na hakuuvuta.

Fundi hakuishusha spana. "Unajitwisha kosa wewe ili nisimlaumu kaka."

"Sijitwishi. Nilisahau."

"Hujawahi kusahau, shemeji."

Hakuamini, lakini spana aliirudisha mfukoni. Jioni waliona kwamba mto unapanda. Huko juu mvua ilikuwa inanyesha, na ukanda wao ulikuwa unaliwa kidogo kidogo. Waliigeuza ndege, wakaisukuma hadi mwisho wa chini wa ukanda, wakalala chini ya bawa wakipokezana kumwangalia mgonjwa.

Alfajiri ukungu ulikuwa umefunika mto. Seremala alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, akiwaagiza misumari. Rubani alipanda, akawasha injini na kuiacha izunguke polepole katika ile hewa iliyoloa kama ya wingu. Fundi alisimama kando ya kifuniko, sikio limetegwa.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha mngurumo ukaanza kudhoofika. Injini ikakohoa, ikatetemeka vilevile kama jana, na pangaboi likawa linakaribia kusimama. Rubani akavuta mkono wa joto. Injini ilipiga chafya mara kadhaa, ikameza maji ya barafu yake, kisha ikapata pumzi na kunguruma.

Fundi aliweka kiganja juu ya bati la ndege akainamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika. Aliponyanyua uso alikuwa anacheka huku amelowa machozi.

"Injini ni nzima," alisema. "Nzima kabisa."

Sasa ilibaki kuondoka. Baridi iliwafaa, maana hewa ya baridi hushikamana, nayo hulibeba bawa vizuri. Jua likipanda hewa ingekuwa nyepesi, na ukanda ule usingetosha. Tena upepo ulikuwa unashuka na mto, ukiwapiga usoni, nao ungewapa sehemu ya kasi bila hata kutembea. Lakini maji yalikuwa yamekula mchanga. Walitoa viti viwili na sanduku la vifaa. Rubani aliupima tena ukanda kwa macho, kisha akamtazama fundi.

"Sema tu," fundi akamwambia. "Mimi ndiye mzigo uliobaki."

"Shemeji, siwezi kukuacha hapa."

"Huniachi. Unakwenda kuniletea boti. Mimi naweza kupanda ukingoni. Huyu hawezi."

Ukungu ulipoinuka kiasi cha kuonyesha kona ya mto, rubani alivuta mkono wa joto, akayeyusha barafu iliyobaki, kisha akaurudisha, kwa kuwa hewa ya moto hupunguza nguvu. Alikanyaga breki, akafungua nguvu zote hadi ndege ikatetemeka mwili mzima, akaachia. Changarawe zilipiga tumbo la ndege. Maji yalikuja mbio. Aliinua pua kidogo tu, na magurudumu yakauacha mchanga pale maji yanapoanza.

Hakupanda. Aliibakiza chini kabisa, pale ambapo bawa na mto huibana hewa katikati yao na ndege huteleza kama juu ya godoro. Miti ya kona ilikuwa inakua mbele yake. Alisubiri kasi ijae, akasubiri tena, ndipo akavuta. Matawi yalipita chini.

Nyuma, fundi alisikiliza mpaka mlio ukapotea.

Rubani alirudi siku iliyofuata kwa boti, baada ya daktari kumhakikishia kwamba seremala atabaki na mguu wake. Ukanda wa mchanga haukuwepo tena. Fundi alikuwa juu ya ukingo, ameketi kwenye kiti cha ndege, uso umevimba kwa mbu.

"Umechelewa, shemeji," alisema. "Abiria huku wamelalamika sana."

Rubani alipanda ukingo akakaa kwenye kiti cha pili. Fundi akamuuliza bawa lilishika hewa wapi, naye akamwonyesha kwa kidole, pale maji yanapopinda, na jinsi alivyosubiri na miti inamjia.

"Kaka angekugombeza kwa ile kona."

"Angenigombeza mpaka nyumbani. Na chakula asingekula."

"Angekula. Angekula huku anagomba."

Wakacheka, na baada ya hapo hawakuweza kunyamaza. Huyu alikumbuka hili, yule akakumbuka lile, mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyataja tangu mazishi. Mwenye boti aliwaita mara mbili. Hawakumsikia.