Majibu ya Kitanda cha Kumi na Moja

Taa ya kijani iliwaka kwenye tundu lisilokuwa na waya.

Fundi aliiona akiwa amepiga magoti nyuma ya seva, bisibisi mdomoni. Kadi ya mtandao ilikuwa mpya, ametoka kuipachika muda ule ule, nayo ilikuwa na matundu mawili. La kwanza lilishika waya uendao kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao. La pili lilikuwa tupu. Alimulika kwa tochi ya simu, akaingiza na kidole. Tupu, na taa inapepesa.

"Hii imekuja na ubovu wake kutoka dukani," alisema.

Mwenzake, dada waliyemwita Kibodi kwa mbio za vidole vyake, hakuinua macho. "Lizime hilo tundu, twende tukale."

Akalizima. Kwenye skrini ikaandikwa kwamba limezimwa. Taa ikaendelea kupepesa kama haikuambiwa kitu.

Chumba chao kilikuwa cha ndani kabisa ya hospitali, hakina dirisha, na kiyoyozi kiliwafanya wavae masweta hata mchana wa jua kali. Seva ile ndiyo iliyobeba majibu ya maabara: mpimaji akimaliza kupima damu anabonyeza, na muuguzi wodini anayaona hapo hapo. Wiki tatu nyuma majibu yalianza kukwama. Fundi aliandika kwenye ripoti: kadi imeungua, ibadilishwe. Wakubwa wakasaini, yakaisha. Lakini kadi ile haikuungua, na hilo alilijua yeye na Mungu wake.

Kesho yake, saa nane mchana, alikuta tundu lililozimwa limepokea ombi. Lilikuwa moja tu, lakini linarudi kila dakika: majibu ya damu, wodi ya wazazi, kitanda cha kumi na moja. Akampigia muuguzi wa wodi.

"Kitanda hicho hakina mtu," muuguzi alisema, kisha akapunguza sauti. "Hata godoro tumelitoa. Tangu yule mama alipofariki akisubiri majibu."

Fundi alikata simu bila kuaga. Alifanya yote ambayo fundi hufanya. Alibadilisha waya, akaihamishia kadi nafasi nyingine, akafuta programu yake na kuiweka upya. Ombi likarudi. Mwishowe aliichomoa kadi kabisa, akaiweka mezani mbele yake, na juu ya meza ile, haina umeme wala waya, taa ikawaka.

Ndipo aliposikia harufu, kwanza ya dawa ya kusafishia sakafu, halafu chini yake harufu nzito ya damu na ya maziwa yaliyochachia kwenye nguo, na mapangaboi ya seva, ambayo miaka yote hayakuwahi kunyamaza, yakapoa moja baada ya jingine mpaka akaweza kusikia kandambili za plastiki zikiburutwa taratibu upande wa pili wa kabati, kwa mwendo wa mtu anayejishikilia ukutani asianguke, zikaja, zikasimama nyuma yake karibu kiasi cha kuhisi baridi nyingine juu ya baridi ya kiyoyozi, na sauti ya mwanamke, changa, yenye adabu, ikasema sikioni:

"Samahani kaka. Majibu yangu yametoka?"

Kibodi alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya chai. Vyote vilianguka.

"Umesikia?" Fundi alinong'ona.

"Nimesikia. Usigeuke."

Siku tatu sauti ilikuja saa ile ile, na maneno yale yale. Haikutisha, haikulaumu, iliuliza tu, na kila ilipouliza ilikuwa imechoka zaidi. Fundi akaacha kula. Siku ya nne Kibodi alimleta shangazi yake, mganga wa mashetani, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi na miwani iliyofungwa uzi.

"Shangazi, humu hatufukizi ubani. King'ora kitalia," Kibodi alisema.

"Sikuja kufukiza." Mganga akaketi juu ya boksi la nyaya, akamtazama Fundi. "Jini ningelifukuza. Huyu ni mgonjwa aliye kwenye foleni, na mtu wa foleni haondoki mpaka ahudumiwe. Kwa nini anakuuliza wewe, asimuulize daktari?"

Fundi aliigeuzageuza kadi mkononi.

"Mwanangu, saa nane inakaribia."

"Nilikosea kuipanga kadi ya zamani," alisema hatimaye. "Niliipa mwendo wake kwa mkono, nikaiacha swichi ijichagulie wake. Zikawa zinakatizana, kama watu wawili wanaoongea kwa pamoja. Majibu mengine yakapita, mengine yakapotea njiani. Niligundua kosa asubuhi ya siku ile aliyofariki. Ni kazi ya dakika mbili. Nikasema nitarekebisha kesho, nikaenda nyumbani mapema. Alipokufa nikairekebisha kimyakimya, nikaandika kadi imeungua."

Kibodi alifunika mdomo.

Mapangaboi yakanyamaza. Kandambili zikaja. "Samahani kaka..."

"Yametoka," Fundi alisema kabla haijamaliza, na safari hii aligeuka, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona. "Yalitoka saa nne asubuhi, dada yangu. Damu yako ilikuwa imepungua mno. Damu ya kukuongezea ilikuwepo. Ungepona. Majibu niliyachelewesha mimi."

Kisha sauti ikasema, "Ahsante kaka," kwa upole ule ule, na kandambili zikaondoka kuelekea mlangoni, na mapangaboi yakaanza tena kuvuma.

Fundi alikaa chini sakafuni akalia. Afadhali angetukanwa.

"Amekwenda," mganga alisema, akikohoa. "Waliobaki ni walio hai. Nao wanasubiri."

Jumamosi asubuhi Fundi alibisha hodi nyumbani kwa mgane wa yule mama. Mume alifungua mlango, kijana mwenye ndevu za siku nyingi, chupa ya maziwa mkononi. Fundi alisema yote pale pale kizingitini, kwa haraka, akingojea ngumi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasogea kando, akavuta kiti.

"Kaa," alisema. Akageukia ndani, akaita, na mama mzee akatokea amembeba mtoto mchanga. "Mama mkwe, kuna mtu hapa amekuja kwa habari ya mwanao." Akamrudia Fundi. "Sasa sema tena. Polepole, ili naye asikie."

Fundi akaketi. Yule bibi akaketi mbele yake, akamweka mtoto sawa kifuani, akamtazama mgeni usoni.

Fundi akaanza upya.