Meno Kwenye Ukingo wa Ngoma

Mwalimu Ratemo alikuwa amelala chali kando ya jiko la makaa, kisogo kimepasuka, macho yameelekea mabati ya paa. Ngoma zake kumi na mbili zilikuwa zimepangwa ukutani kwa urefu, kama watoto kwenye gwaride. Ya kumi na tatu ilisimama peke yake katikati ya chumba.

Nje, ukungu wa Kapsoit ulikuwa umeshuka mpaka kizingitini. Mashamba ya chai yalikuwa yamemezwa. Walisikika tu wachumaji wakipita barabarani na vikapu vyao, na kila walipofika usawa wa mlango ule walipunguza sauti.

Inspekta Jecinta Wambugu wa upelelezi wa jinai alichuchumaa bila kugusa kitu. Mtaalamu wa eneo la tukio alimweleza kwa kifupi. Marehemu alipigwa mara moja kutoka nyuma. Mwili ulikuwa umekakamaa. Alikufa jana jioni. Silaha ilikuwa nyundo ya kugongea vigingi vya ngoma, iliyokutwa juu ya meza, imefutwa vizuri. Alama za vidole hazikuwepo.

"Mtu tunaye, Madam," alisema Sajini Kipkemboi. "Yuko kwa gari. Ana damu ya marehemu kwa shati."

Mtu huyo alikuwa Kiarie, muuza misumari na mabati, jirani wa Ratemo ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyepiga simu polisi alfajiri. Wiki iliyopita, mbele ya wateja, aliapa kwamba atamnyamazisha yule mpiga ngoma. Kapsoit nzima iliyakumbuka maneno hayo.

Sajini alimweleza mengine huku akitazama viatu vyake. Watu walikuwa wamejaa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Walisema Kiarie asipofikishwa kortini leo, duka lake litawaka. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu Madam na huyo muuza misumari wametoka nyumba moja, kabila moja, na wa nyumba moja hawafungani. Mkuu wa kituo naye alikuwa ameshapiga simu: saa nane mchana Kiarie atasomewa shtaka la mauaji.

Jecinta alitazama saa yake. Saa mbili na robo. Akimwachilia Kiarie bila kumpata muuaji, atakuwa amewatupia watu wenye viberiti. Akimpeleka kortini, huenda anamzika mtu aliye hai. Alitoka akaingia ndani ya gari.

Kiarie alikuwa mzee mnene, kofia magotini, mikono ndani ya pingu.

"Damu hii ni ya nani?"

"Ya Mwalimu. Niliona mlango wazi nikifungua duka. Nikaingia, nikamwinua. Nilidhani amezirai."

"Wiki jana ulisema utamnyamazisha."

"Nilisema. Miaka saba anapiga ngoma kwa ukuta wangu, Madam. Wewe ungesema nini? Ungemwimbia?"

"Jana jioni ulisikia nini?"

"Saa kumi na moja, ngoma. Si kupiga ya maana. Du! ananyamaza. Du! ananyamaza. Kama fundi anagonga ukuta atafute mahali msumari utashika."

"Halafu?"

"Halafu kimya." Kiarie aliinamisha kichwa. "Nikamshukuru Mungu, nikafungulia redio. Sasa hiyo shukrani imenikwama hapa." Alijigusa koo kwa pingu zote mbili.

Jecinta alirudi ndani. Mtu aliyekuwa akigonga na kunyamaza alikuwa akiisikiliza ngoma. Ngoma gani? Akaiendea ile ya katikati. Ilikuwa mpya, mti wake bado mweupe, unanukia. Aliizunguka taratibu, tochi mkononi, mpaka mwanga ulipogota ukingoni.

Mti ulikuwa umeumwa.

"Panya," alisema Kipkemboi.

"Panya gani ana meno ya binadamu, Sajini?"

Meno manne ya juu yalikuwa yameacha chapa, mojawapo pungufu, limemeguka pembeni. Chini yake, kwa ndani, chapa za meno ya chini. Mtaalamu alipiga picha, akapangusa ukingo kwa pamba kuchukua sampuli ya mate. Jecinta alimpanua kinywa marehemu kwa kidole chenye glavu. Meno ya Ratemo yalikuwa kamili. Kiarie naye, alipoulizwa, alifungua kinywa kwa aibu: mbele, juu, palikuwa pengo tupu.

Kipkemboi alisema hiyo peke yake haiwezi kumtoa mtu. Pengo haliui na pengo halimwokoi mtu. Jecinta hakubisha. Alijua mkuu wa kituo angesema vivyo hivyo.

Saa nne akafika Moureen Atuti, mwanafunzi wa zamani wa marehemu, ambaye Jecinta alikuwa amemwita. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mrefu, viganja vigumu kama vya mtu wa jembe. Siku za wiki alipiga ngoma na vyombo vya kugongwa katika bendi ya hoteli mjini Kericho; Jumamosi alifundisha watoto wa kanisa. Kila alichojua alikipata katika chumba hiki. Alilia bila sauti, akajifuta uso kwa leso, akasema yuko tayari kuulizwa.

Jecinta alimwonyesha ngoma.

Moureen alieleza kwamba Mwalimu aliiwamba ngozi juzi, na jana ndiyo ilikuwa siku ya kuipasha moto na kuikaza kwa mara ya kwanza. Huku kwa ukungu, ngozi isiyopashwa moto hulegea kama sikio la mbuzi. Lakini Ratemo alikuwa na sharti lake, na hakulivunja hata siku moja: aliyeiunda ngoma haikazi yeye. Sikio la fundi, alisema, humpendelea mtoto wake. Ngoma ikiwa tayari, alimwita mwanafunzi wake aliyehitimu, akamkabidhi nyundo, yeye akakaa kando.

"Wahitimu ni wangapi?"

"Amefundisha wengi. Aliowapa nyundo ni wawili. Mimi na Mageto."

"Jana saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Longisa. Kwaya ya akina mama, watu arobaini. Wapigie."

Kipkemboi alitoka kupiga. Jecinta akaelekeza tochi kwenye chapa za meno. "Na hii ni nini?"

Moureen aliinama. Kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu.

"Hii ni sisi. Ukiwa tamasha, spika zinanguruma, watu wanapiga kelele, huwezi kusikia ngoma yako. Unauma ukingo, unagonga pole pole. Sauti inapandia mfupa wa taya mpaka ndani ya kichwa. Mwalimu ndiye alitufundisha. Wageni wakituona wanacheka, wanasema wapiga ngoma wana njaa."

"Jana hapa palikuwa na kelele?"

"Labda mvua ya mawe. Ikipiga haya mabati, hata wewe mwenyewe hujisikii."

Kipkemboi, aliyekuwa amerudi, alitikisa kichwa. Longisa walikuwa wamethibitisha habari ya Moureen. Na mvua ya mawe ilikatika saa tisa. Mama yake Kipkemboi alipima majani kituoni saa kumi, jua likiwaka, akilalamika kwamba mawe yamemharibia chipukizi. Saa kumi na moja Kapsoit ilikuwa imetulia kama maji mtungini.

Jecinta alisimama kati ya zile ngoma. Aliongea polepole.

"Basi nieleze, Moureen. Mpiga ngoma aliyehitimu anaikaza ngoma kwenye chumba kimya. Kwa nini aiume?"

Moureen akavuta kigoda, akakaa.

"Madam, usiniulize hilo."

"Nauliza. Kuna mzee kwa gari huko nje."

Moureen akasema, akiitazama mikono yake, kwamba Mageto siku hizi hapokei simu. Anasema andika ujumbe. Watu wakichekeshana, yeye hucheka wa mwisho, baada ya kuwatazama wenzake. Mara mbili Moureen alimwita sokoni, Mageto akapita kama hamjui.

"Nilidhani ni maringo," alisema. "Nikamchukia mwezi mzima."

Mageto alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana upande wa Roret. Walifika saa sita kasoro. Njia nzima mashamba ya chai yalifunuka na kufunikwa na ukungu pande zote mbili, kijani kibichi, kimya, safu kwa safu.

Waliifuata milio mpaka ukumbini. Wasichana ishirini walikuwa wakijiandaa kwa tamasha la kitaifa, wiki mbili zijazo. Mwalimu wao, mwanamume mwembamba wa shati jeupe, alikuwa amewapa wageni mgongo. Alisimama juu ya jukwaa la mbao, bila viatu. Hakuisikiliza ngoma hata moja. Alitazama mikono.

Ngoma ya tatu kutoka kushoto ilikuwa imechanika ngozi. Kila ilipopigwa ilikoroma kama mzee mwenye pumu. Hata Kipkemboi, ambaye kanisani huombwa asiimbe, alikunja uso.

"Safi," alisema Mageto. "Safi sana. Tena."

Msichana wa ngoma ile aliangalia chini.

"Mwalimu Mageto," aliita Jecinta kutoka mlangoni.

Wasichana wote waligeuka. Mageto aliendelea kuhesabu kwa mguu.

"Mwalimu Mageto."

Aliziona nyuso za wanafunzi wake kwanza. Ndipo akageuka, akawaona, akatabasamu kwa adabu. Jino lake moja la mbele lilikuwa limemeguka pembeni.

Wakakaa katika darasa tupu, meza kati yao, Kipkemboi mlangoni. Jecinta alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kumwita wakili. Mageto aliifuata midomo yake neno kwa neno, akasema hana haja ya wakili, hajafanya kitu.

"Jana saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nasahihisha vitabu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ratemo hakukuita kukaza ngoma mpya?"

"Hakuniita."

"Mara ya mwisho kuonana naye?"

"Mwezi jana."

Jecinta aliinuka, akaenda dirishani, akamwonyesha kisogo. Akasema, kwa sauti yake ile ile, kwamba mkono wa shati lake una damu.

Shati lilikuwa jeupe, safi. Mtu yeyote angelitazama. Mageto hakutikisika. Alikuwa ametulia, akingoja ageuke, na ule utulivu ulikuwa mbaya kuliko mayowe.

Jecinta aligeuka.

"Nimeuliza swali."

"Samahani. Nilikuwa nawaza."

"Nimeuliza nini?"

Macho ya Mageto yalimkimbilia Kipkemboi, yakarudi. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo.

"Kuhusu... ngoma."

Jecinta akaweka picha mezani. Chapa nne za meno kwenye mti mweupe. Alizungumza uso kwa uso, taratibu, asimpotezee neno.

"Ngozi hii iliwambwa juzi. Meno haya ni ya jana. Sampuli ya mate iko njiani kwenda maabara, na meno yenyewe nayaona hapo kinywani mwako. Chumba kilikuwa kimya, Mwalimu. Kimya kwa kila mtu. Mtu mwenye masikio angeigonga tu akasikia. Wewe uliiuma."

Mageto akaigeuza picha, taratibu, ikalala uso chini.

"Nani mwingine amejua?"

"Mimi, Sajini, na Moureen. Na kuna mzee anaitwa Kiarie ambaye saa nane atashtakiwa kwa kosa lako, na duka lake lichomwe na watu ambao umewapigia ngoma kwenye arusi zao."

"Kiarie?" Alionekana kushangaa kweli. "Yule wa misumari?"

"Yule."

Akajishika kichwa. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Ilianza miaka miwili iliyopita, kwa mlio wa mbu usiokoma. Sauti za ndege zilipotea kwanza, kisha za watoto, kisha za simu. Alijifunza kusoma midomo. Alivua viatu ili mbao zimwambie kinachopigwa. Ngoma alizikaza kwa meno, akijificha. Mke alimwacha akidhani amekuwa na kiburi. Shule haikujua. Alikuwa amebakiwa na jina tu: Mageto wa ngoma.

"Ratemo akajua jana," alisema Jecinta.

"Aliniita niikaze. Nikangoja ashughulike na makaa, nikauma. Akageuka ghafla. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Akasema, 'Tangu lini?' Nikamwambia. Akasema wasichana wangu wanakwenda tamasha na ngoma zisizopatana, na si haki yao. Akasema kesho anakuja kumwona mwalimu mkuu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga magoti. Nikaomba wiki mbili. Tamasha tu, halafu ningeacha mwenyewe, niondoke kwa miguu yangu. Mimi sijui kazi nyingine, Madam. Huyo mzee alinichukua nikiwa nachuma chai, akaniambia mikono hii si ya majani."

"Akakataa?"

Mageto alitazama viganja vyake.

"Aliniangalia. Halafu akanipa mgongo, akainamia jiko, akaanza kuongea. Nikaona taya lake linasogea kutoka nyuma. Alishajua siwezi kusikia. Alikuwa amejua dakika tano nzima. Na bado akaongea na mimi akiwa amenipa mgongo, kama mtu anaongea na kiti. Nyundo nilikuwa nayo mkononi."

Jecinta alimtolea Kipkemboi ishara. Sajini akatoka nje kumpigia mkuu wa kituo: Kiarie afunguliwe pingu, lakini asitolewe mpaka watu watangaziwe mbele ya chifu nani aliyeua na kwa nini. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

Ukumbini, wasichana walikuwa wameanza tena kupiga, bila mwalimu. Ile ngoma iliyochanika ilikoroma katikati yao. Jecinta aliandika mstari wa mwisho wa maelezo, akainua uso ili midomo yake ionekane vizuri.

"Alikuwa akisema nini, alipokupa mgongo?"

"Sijui."

"Hukuona hata neno moja?"

"Usiku kucha nimejaribu kulikumbuka lile taya lilivyosogea." Alinyoosha mikono kungoja pingu. "Labda alikuwa ananipa zile wiki mbili. Nilimpiga kabla hajamaliza sentensi."